Kunyanyua gari Unguja na Pemba: maswali tunayoulizwa kila siku gerejini

Haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni na picha kwenye simu: Land Cruiser imekaa juu kama ngamia, tairi pana, bampa la chuma. Swali ni lile lile, "Fundi, hii kwa gari yangu bei gani?" Mimi huchukua tepu ya kupimia kwanza. Bei baadaye. Hapa nimekusanya yale ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayotoa nikiwa na muda wa kukaa chini.

Seti ya kunyanyulia gari ina nini ndani?

Kwa kawaida ni springi nne, shokapu nne, na bushi na nati zake. Gari nyengine zina koili mbele na nyuma, nyengine koili mbele na springi za pleti nyuma, kwa hiyo seti hufuata gari. Zile zilizokamilika zaidi huja na mikono ya juu ya mbele na vipande vya kurekebishia usukani.

Ila elewa kwamba gari inaweza kwenda juu kwa njia tatu tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni springi ndefu zaidi. Ya pili ni kuweka vitalu kati ya bodi na chesisi. Hapo bodi inapanda na unapata nafasi ya tairi kubwa, lakini tumbo la gari linabaki pale pale. Ya tatu ni tairi yenyewe. Na kwa gari yenye ekseli nzima (chuma kimoja kutoka tairi mpaka tairi), tairi peke yake ndiyo inayoliinua tumbo la difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Ukiongeza kipenyo cha tairi kwa inchi 2, difu inapanda inchi 1, basi. Springi ndefu haziigusi difu hata kidogo, kwa sababu ekseli imekalia tairi, haikukalia springi.

Nitajuaje kama gari yangu ni fupi au imechoka tu?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo, na ndilo wachache wanaloliuliza. Gari zetu nyingi zimekuja kutoka Japani zikiwa na umri wa miaka 10, 15, wakati mwengine zaidi. Springi ni chuma. Inabeba mzigo usiku na mchana, hata gari ikiwa imelala. Mwisho wake inainama.

Pima hivi. Tafuta sehemu tambarare kweli kweli, sakafu ya zege ya kituo cha mafuta inafaa. Weka mzigo wako wa kawaida na mafuta ya kawaida. Kisha pima kutoka katikati ya kikombe cha rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, maana hapo tairi na upepo wake vitakudanganya. Andika namba nne, moja kwa kila tairi. Kisha mtafute mwenye gari kama yako ambayo springi zake ni mpya, upime na yake.

Mwalimu mmoja wa skuli ya Kusini aliniletea Escudo, anataka inchi mbili kwa sababu inagota kila tuta. Tulipopima, nyuma kulia ilikuwa chini kuliko kushoto kwa milimita 35. Nikaingia chini na tochi. Mzunguko wa mwisho wa koili ulikuwa umekatika, kipande kimekaa ndani ya kikombe chake kimya, kimefunikwa na kutu na mchanga, na koili iliyobaki imejikalia juu yake. Ile raba ya kugotea ilikuwa imebaki ganda tu. Tulimwekea koili mpya za kiwandani pande zote nne na shokapu mpya. Gari ilipanda kuliko alivyotarajia kwa seti ya kunyanyulia, na hakuna kilichobadilika kwenye usukani wala breki.

Kwa hiyo kama namba za kulia na kushoto zinapishana, au raba za kugotea zimeng'aa na kupasuka, gari yako haijawa fupi. Imezeeka.

Basi ninyanyue kiasi gani?

Kwa visiwa hivi, milimita 40. Hamsini ndiyo mwisho wangu kwa gari inayotembea barabarani kila siku. Najua wapo wanaofika 75 na 100, na zinapendeza kwenye picha.

Nitakwambia kwa nini nina ubishi hapo. Nilianza kazi hii wakati kwenda kisiwa cha Uzi ni kuvuka njia ya mawe baina ya mikoko, na unavuka maji yakikupwa tu. Mawe yale ni ya matumbawe, yana meno, na kila moja limesimama kivyake. Ukienda polepole gia ya kwanza, dirisha wazi, unasikia kila kitu kinachogusa. Na kilichogusa kilikuwa difu ya nyuma, safari baada ya safari. Gari iliyonyanyuliwa springi na isiyonyanyuliwa ziligusa jiwe lile lile mahali pale pale, kwa sababu difu zilikuwa na kimo kimoja. Iliyopita bila kugusa ilikuwa na tairi kubwa zaidi ya saizi moja, na dereva aliyejua kupandisha tairi juu ya jiwe badala ya kulipitisha katikati.

Springi ndefu zinasaidia vitu vyengine, nisizinyime haki yake: zinainua bampa la mbele ukiingia korongo, zinainua tangi la mafuta na bomba la ekzosi, na zinatoa nafasi ya hiyo tairi kubwa. Milimita 40 zinatosha kwa yote hayo. Ukizidi, unaanza kununua vifaa vya kurekebisha yale uliyoyaharibu.

Nakwama mchangani. Nikinyanyua nitaacha kukwama?

Hapana. Punguza upepo.

Nasema kwa ufupi lakini hili limewaokolea watu pesa nyingi. Njia za mchanga za kushukia pwani, kuanzia Matemwe mpaka Michamvi, tatizo lake ni tairi kuzama. Tairi yenye upepo wa psi 32 au 35 inakata mchanga kama kisu. Ishushe hadi 18, iwe pana na laini, ipite juu. Usikate kona kwa kasi ikiwa hivyo, inaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi lami jaza tena. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni rahisi kuliko springi moja. Kisha usikanyage mafuta ukishaanza kuzama, utajichimbia mwenyewe.

Na tope la Pemba wakati wa masika?

Pemba ni milima na mabonde, na udongo wake wa kinamo ukilowa unakuwa sabuni. Ndugu zetu wa Konde na Makangale wanajua. Pale gari haikwami kwa kuwa fupi, inateleza ubavuni kuelekea mtaroni. Dawa ni tairi zenye meno yaliyoachana, yanayojisafisha tope. Na hapo gari iliyo juu sana ni hasara, maana ukiteleza kwenye mteremko wa ubavu, uzito ulioko juu ndio unaokuangusha. Kama una pesa ya kitu kimoja tu kabla ya mwezi wa tatu, nunua tairi.

Nina Escudo. Inanyanyulika?

Inategemea ni ipi, na Unguja tunazo za kila aina.

Zile za kwanza, zilizoanza mwaka 1988, na za pili zilizofuata mwaka 1997, zina chesisi yake na ekseli nzima nyuma. Hizo zinanyanyulika vizuri. Nyuma ni kubadilisha koili na shokapu tu. Mbele ndiko kwenye kazi: koili imekaa peke yake juu ya mkono wa chini, kando ya shokapu, na tairi inazungushwa na draivushafti fupi. Ukinyanyua, draivushafti inakaa kwa pembe kali, na sivijointi (kiungo cha mwisho wa draivushafti) inafanya kazi imejipinda muda wote.

Mimi mwenyewe nilijifunza hapo. Escudo yangu ya milango mitatu, ujana, nikapanga speisa (vipande vya kuinulia koili) mbili moja juu ya mwenzake mpaka nikafika milimita 75. Wiki tatu nilikuwa mfalme. Siku narudi kutoka Kizimkazi nikaanza kusikia kata-kata-kata nikikata kona. Buti ya sivijointi, ule mpira unaoifunika, ilikuwa imechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu, na mchanga umeingia mahali pake. Kutoka Muyuni mpaka Kitogani nilikwenda mwendo wa baiskeli, na watoto wa skuli wakanipita wakinicheka. Nilizitoa speisa zote mbili. Sikupata mtu wa kumlaumu, maana fundi nilikuwa mimi.

Kwa hiyo Escudo hizi: 40, na uangalie buti kila ukibadilisha oili.

Escudo ya tatu, ya kuanzia 2005, chesisi yake imeunganishwa na bodi, na nyuma kila tairi inajitegemea. Ukiinyanyua, tairi za nyuma nazo zinabadilisha mkao na kuliwa upande. Milimita 25 hadi 30, na alaimenti (kunyoosha mkao wa tairi) ya mbele na nyuma. Ukisikia mtu anakuahidi zaidi, muulize ataisawazisha vipi nyuma.

RAV4, je?

Weka springi mpya, shokapu mpya, tairi nzuri, uishie hapo. Haina chesisi na haikuzaliwa kwa mawe. Ni gari nzuri, iache iwe nzuri kwa ilivyo.

Jimny?

Hapa ndipo napofurahi kufanya kazi. Jimny ya kuanzia 1998 ina ekseli nzima mbele na nyuma, koili nne, na chesisi. Milimita 40 unafunga kwa siku moja.

Ina ugonjwa wake mmoja. Ukiinyanyua, ekseli ya mbele inazunguka kidogo, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, haurudi wenyewe baada ya kona. Ukifika kilomita 60 au 70 kwa saa ukapita shimo, usukani unaanza kutetemeka mkononi kama umeshika jogoo. Mara nyingi kilichoanza ni bushi zilizochakaa au beringi za nakli (pale tairi inapogeukia), na kunyanyua kumezidisha tu. Badilisha hizo kwanza. Kisha weka bushi maalumu zinazorudisha mkao wa ekseli, zile tunazoziita bushi za kasta. Pia kuna fimbo ya panhadi, inayoizuia ekseli isiende kushoto au kulia. Gari ikipanda, ekseli inasogea upande mmoja. Kwa milimita 40 ni kidogo, huioni kwa macho. Zaidi ya hapo unahitaji fimbo inayorefuka.

Prado na Hilux mpya?

Prado tangu 1996 na Hilux tangu 2005 mbele kila tairi inajitegemea, shokapu ikiwa ndani ya koili. Hapo kuna jambo ambalo wauzaji wa speisa hawalisemi: shokapu imeshika katikati ya mkono, si kwenye tairi. Ukiweka speisa ya milimita 10 juu, tairi inashuka karibu milimita 20. Nimeona mtu amefunga ya 50 akidhani anapata 50, gari imesimama tairi za mbele zimefungua miguu.

Mpaka 40 hivi alaimenti inakubali. Ukifika 50 mara nyingi unahitaji mikono ya juu mipya ili isawazike. Ukivuka, sivijointi zinaanza kulalamika kama za Escudo yangu.

Kabla ya kuagiza, chungulia nyuma. Baadhi ya Prado zilizotoka Japani zina mifuko ya upepo badala ya koili, na nyengine zina mfumo wa mafuta wa KDSS unaotuliza gari kwenye kona. Hizo zinataka seti zake. Mwambie muuzaji mapema, usije ukapokea boksi zito lisiloingia popote.

Hilux za zamani kidogo, kabla ya 2005, mbele hazina koili. Nyingi zina vyuma vya kujinyonga virefu chini ya gari. Fundi atakwambia, "Tunakaza boliti tu, inapanda bure." Ni kweli inapanda. Lakini hujaongeza springi, umehamisha mkao wake tu, na safari ya tairi kwenda chini imepungua. Ukikaza mno, gari inaruka juu ya kila tuta kama mbuzi. Milimita 20 au 25, usizidi.

Land Cruiser mkonga?

Mkonga, ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70, haina shida kwa kunyanyuliwa. Shida yake ni kwamba tayari iko juu. Za kabla ya 1999 zina pleti mbele na nyuma, za baadaye mbele ni koili. Wengi wanaokuja nazo wanataka kubeba, si kupanda. Kwao naongeza au nabadilisha pleti kwa uzito.

Sifanyi mambo mawili, hata ukinipa pesa mara mbili: sichomelei shakeli (vyuma vinavyoshika mwisho wa springi za pleti), na siweki vitalu chini ya springi za ekseli ya mbele. Shakeli ndefu zilizotengenezwa vizuri ni sawa kwa kidogo (ikirefuka inchi 2, gari inapanda inchi 1), lakini mbele zinaharibu mkao wa usukani. Na kitalu cha mbele kikichomoka kwenye breki kali, ekseli imeondoka.

Nichague springi ngumu au laini?

Hili ni muhimu kuliko urefu, na hapa ndipo seti nyingi zinanunuliwa kwa makosa. Springi hutengenezwa kwa uzito. Katalogi zinazojulikana, kwa mfano Old Man Emu, Ironman na Dobinsons, zote za Australia, zinakupa koili moja kwa namba kadhaa: ya gari tupu, ya mzigo wa kati, ya mzigo mzito wa kudumu. Neno la kuzingatia ni "wa kudumu". Mzigo unaokaa garini siku zote.

Dereva wa watalii anayebeba watu sita na mizigo kila siku, springi ya kati inamfaa. Anayepeleka mitungi ya kuzamia na injini ya boti, kila siku, achukue nzito. Mkulima wa Wete mwenye pikapu inayojaa magunia wakati wa karafuu, kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, halafu miezi minane inapita tupu? Huyo nampa ya kati, na mifuko ya upepo baina ya springi za nyuma na chesisi, ya kujaza msimu ukifika. Akichukua nzito, mwaka mzima atapigwa mgongo. Gari tupu kwenye springi ngumu haigusi ardhi vizuri. Tairi inarukaruka, na breki inakosa kushika.

Niambie ukweli kuhusu mzigo wako. Watu hujiongezea, nadhani kwa sababu inasikika vizuri.

Shokapu za gesi au za mafuta?

Zote zina mafuta ndani. Ile ya gesi imeongezwa gesi ili mafuta yasifanye povu yakipata moto. Kwa mwendo mrefu kwenye mawe, gesi ni bora. Swali kubwa ni ganda: shokapu ya ganda moja hupoa vizuri, lakini jiwe likiibonyeza, pistoni ndani inakwama. Ya maganda mawili ikibonyea nje inaendelea. Kwa njia za maweni nachukua ya maganda mawili. Kwa gari ya lami na mwendo, Bilstein ya ganda moja ni raha.

Usichanganye koili mpya ndefu na shokapu za zamani fupi. Shokapu itakuwa imevutika mpaka mwisho, ukishuka tuta inajigota yenyewe kwa ndani, haimalizi miezi.

Fundi mwengine kaniambia ataniwekea koili za gari nyengine, bei chee.

Mwulize ni za uzito gani, zinakaa vipi kwenye kikombe, na akikwambia "zinaingia tu", shukuru uondoke. Mimi pia nilikuwa nasema "zinaingia tu".

Bushi za mpira au zile za rangi, ngumu?

Zile nyekundu au manjano ni za poliyurethani. Zinadumu na haziliwi na oili. Lakini mchanga wetu ukiingia, zinalia kama mlango wa banda kila tuta, mpaka uzifungue na kuzipaka grisi ya silikoni. Kwa gari ya familia naweka mpira. Mpira una sharti moja: boliti zake zikazwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake. Ukikaza ikiwa juu ya jeki, ukiishusha bushi inajinyonga na kukaa imejinyonga maisha yake yote, na maisha hayo yatakuwa mafupi.

Chumvi itaharibu seti yangu?

Itajaribu. Rangi ya koili ikishachunwa na jiwe, kutu inaanzia hapo hapo, na ndipo itakapokatikia. Osha chini ya gari kila ukitoka pwani, na uoshe kwa maji matamu. Nasema hivyo kwa sababu nimeona mtu anaosha kwa bidii na maji ya kisima cha hatua hamsini kutoka baharini, yana chumvi kama mchuzi. Usisukume boti mpaka ekseli iko majini. Maji yakiingia difu kupitia kipumulio chake, oili inakuwa maziwa. Kipumulio kinaweza kuongezwa mpira ukapandishwa juu, kazi ya nusu saa.

Wakati wa kuagiza seti, agiza na boliti mpya. Za zamani zimegandana na vyuma vya bushi, tutazikata kwa grainda, na hapo gari iko juu ya jeki, boliti hakuna, na dukani wanakwambia mpaka meli ya kesho.

Breki na taa zinaguswa?

Zote mbili, na ndizo zinazosahauliwa. Mipira ya breki na waya za ABS ziwe na ulegevu wa kutosha tairi ikining'inia mpaka mwisho. Mimi hunyanyua gari baada ya kufunga, naacha tairi zining'inie, nageuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho huku naangalia kila mpira. Hilux na gari nyengine za mzigo zina vali nyuma inayopima uzito kwa fimbo. Ukinyanyua, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma. Fimbo lazima irekebishwe. Na taa zielekezwe chini, usiwapofushe wenzako usiku.

Tairi kubwa inabadilisha sahani ya spidi?

Ndiyo. Prado yenye 265/65R17 ukiiwekea 265/70R17, difu inapanda milimita 13 na sahani inasoma pungufu kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Ikionyesha 80, wewe uko karibu 83. Trafiki hasomi sahani yako, anasoma kipimo chake.

Trafiki na bima wanasemaje?

Waulize kabla ya kufunga. Kampuni yako ya bima iandikie, uwe na jibu lao la maandishi. Gari iliyobadilishwa bila taarifa ni sababu nzuri ya kukukatalia madai. Milimita 40 na tairi zisizotoka nje ya madigadi sijaona zikimletea mteja wangu shida kwenye ukaguzi, lakini hilo ni langu, si sheria.

Nina pesa kidogo. Nianze na nini?

Bushi na boljointi zilizochakaa. Kisha tairi. Kisha shokapu na springi kwa pamoja, za urefu wa kiwandani au 40. Kuagiza, tuma namba ya chesisi, aina ya injini, idadi ya milango, na kila chuma kizito ulichoongeza. Uliza Dar kwanza, kwa sababu koili ni nzito na nauli ya ng'ambo inaweza kuikaribia bei yake. Wa Pemba, hesabu na siku za meli.

Kufunga kunachukua muda gani?

Siku moja kama boliti zinakubali, mbili kama hazikubali, na hazikubali. Halafu alaimenti siku hiyo hiyo, usiseme utakwenda Jumamosi. Baada ya kilomita 500 rudi tukaze tena kila boliti na kupima zile namba nne, maana springi mpya hukaa chini kidogo. Ile karatasi ya vipimo vya mwanzo usiipoteze.

Spea zangu za zamani nizitupe?

Koili na shokapu zilizo nzima zipake oili, zifunge kwa waya, ziandike kulia na kushoto, uziweke stoo. Atakayenunua gari yako anaweza kuzitaka. Koili iliyokatika ni chuma chakavu. Lakini pleti za springi zilizovunjika usimpe mtu bure. Chukua moja umpelekee mhunzi, atakutolea panga ambalo hutalikuta dukani.